Michembe ya Mama Lubasha

Siku ya kwanza nilipomwona Mama Lubasha nilimdanganya. Nilimwambia mashine imeharibika.

Ilikuwa mwezi wa nane, ufuta umeshauzwa na watu wana pesa. Mimi ni msagaji wa nafaka katika kijiji chetu, upande wa Nambilanje. Mashine si yangu, ni ya tajiri mmoja anayekaa Ruangwa mjini. Mimi naiendesha tu, mwaka wa kumi na saba sasa. Kazi hii naipenda kwa sababu mashine ikiunguruma hakuna anayetegemea useme neno. Mtu anashusha ndoo yake, unaitazama, unamwonyesha bei kwa vidole, anaitikia kwa kichwa, basi. Nilimaliza darasa la saba, kusoma na kuandika najua, ila kuzungumza na mtu nisiyemzoea kunanitoa jasho tangu utoto wangu.

Alitokea kwenye njia ya mtoni, mwanamke mrefu, kavaa kitenge na sweta la kiume juu yake ingawa jua lilikuwa kali. Beseni lilikuwa kichwani na mikono yote miwili ilikuwa inaning'inia, kama vile hakubeba kitu. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna Wasukuma wameingia na ng'ombe wao na wamejenga ng'ambo ya mto. Wanaume wao tuliwaona gulioni. Mwanamke wao nilikuwa sijamwona kwa karibu.

"Mwangaluka," akasema, kisha akacheka mwenyewe, maana aliona sijui la kujibu. "Habari za asubuhi, baba. Naomba unisagie."

Akashusha beseni. Nikachungulia. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba, virefu, vikavu, vya rangi ya kijivu, vimejikunja kwenye ncha. Nikajua ni magome ya mti. Kijijini watu walishaanza kusema kwamba yule mama anaanika dawa kwenye mwamba nyuma ya nyumba yake, mwamba mzima umejaa, na kwake hakuna mgonjwa. Sasa ni dawa ya nini? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna jibu lililokuwa zuri. Nikawaza, nikitia vitu hivi kwenye mashine, kesho hakuna mwanamke wa hapa atakayeniletea mahindi yake.

Mtu mwingine angeuliza, "Mama, hiki ni kitu gani?" Mimi nikasema mashine imeharibika.

Na mashine ilikuwa inaunguruma. Nilikuwa nimemaliza debe la Bi Swaumu na sijaizima. Mama yule akaitazama mashine, akanitazama mimi, akaitazama tena mashine.

"Pole yake," akasema. Akajitwisha beseni lake akaondoka.

Kesho yake akaja. "Imepona?" Nikatikisa kichwa. Keshokutwa akaja tena. "Bado inaumwa tu?" Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaficha vicheko ndani ya kanga. Siku ya nne hakuuliza kitu. Alikaa kwenye gogo wanapokaa wanaosubiri, akachukua kipande kimoja kwenye beseni akaanza kukitafuna, kinalia kru, kru, kru, huku anatazama mbele kama mtu aliye kwake. Halafu akamnyooshea kimoja Bi Swaumu, aliyekaa naye.

Bi Swaumu ni jirani yangu, mjane, umri wa mama yangu mdogo, na haogopi mtu wala dawa ya mtu. Akakitia mdomoni.

"Kiazi!" akapiga kelele. "Harithi, mjinga wewe, kumbe ni kiazi kitamu hiki!"

"Ni kiazi," Mama Lubasha akasema. "Kwani nyie mlidhani ni nini?"

Wengine walitazama miguu yao. Nikalichukua lile beseni bila kuinua macho nikamsagia, tena bure, na unga ulipotoka ulinukia utamu mpaka wanawake wakasogea kuunusa. Yeye akawa ananisubiri nimalize. Nilipomkabidhi akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Mashine yako imepona vizuri."

Jina lake hasa ni Yunisi. Lubasha ni mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa ameshaoa na amebaki huko walikotoka. Vile vipande waliviita michembe. Alitueleza mwenyewe, siku nyingine, pale pale kwenye gogo. Unachimba viazi mwezi wa sita au wa saba, unaviacha siku mbili tatu vinyauke ili utamu uingie, unamenya, unakata vipande vyembamba, unaanika juani mpaka vilie ukivigonganisha. Unaweka kwenye kihenge, unakiziba kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Mwaka mzima haviozi. Ukitaka unachemsha na kunde au karanga, ukitaka unasaga na mtama upate uji. Alikata haraka sana. Niliwahi kumwona akikata huku anazungumza na mtu aliye nyuma yake, kisu kinakwenda chenyewe, na vipande vyake vyote vilitoka na mteremko mmoja upande wa kushoto, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto. Hilo la mteremko mlikumbuke, maana mimi niliona faida yake baadaye.

Na wanawake wetu walipenda kumchokoza. Sisi na Wasukuma hatuna utani wa asili, lakini Mama Lubasha na Bi Swaumu waliuanzisha wao wenyewe, na ukazoeleka.

"Ng'ombe sabini," Bi Swaumu alimwambia, "halafu unatafuna viazi vikavu kama panya. Mbona hatujaona hata ukwato kwenye sufuria lako?"

"Ng'ombe analiwa akifa," akajibu. "Wangu ni wazima. Nyie je? Nimetembea shamba hili mpaka lile, naona ufuta, naona mikorosho, naona mbaazi. Chakula kiko wapi?"

"Chakula kipo dukani, mama! Tunauza ufuta, tunanunua unga. Mambo ya kisasa hayo."

"Ehee. Kwa hiyo nyie mnakula hela."

"Tunakula hela! Tena zina chumvi."

Wakacheka mpaka Bi Swaumu akashika mbavu. Nami nilicheka, nimegeukia ukuta. Lakini alikuwa amesema kweli. Miaka ya nyuma kila nyumba ililima mahindi na muhogo wa kutosha. Ufuta ulipopata bei, mashamba ya chakula yakapungua mwaka hadi mwaka. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kujua, kwa kuwa mimi naona kila kinachoingia mashineni. Zamani baada ya mavuno nilikuwa na foleni ya magunia. Siku hizi watu wananunua unga uliokwisha kusagwa, wa mfuko, kutoka Nachingwea.

Mwaka wa pili tangu waje, ule unga ukapanda. Ulipanda kidogo kidogo, kisha ukapanda kwa kasi. Kilo iliyokuwa shilingi mia tisa ikafika elfu moja na mia nne, ikafika elfu na mia nane, na mwezi wa kwanza ikafika elfu mbili. Mafuta ya kula ndiyo usiseme. Dizeli nayo ikapanda, na tajiri wangu akanipigia simu niongeze bei ya kusaga. Niliiandika bei mpya kwenye kipande cha boksi nikakitundika mlangoni, ili nisilazimike kuwaambia watu kwa mdomo. Redio ilisema kuna vita Ulaya, ngano imekwama, mbolea imekwama. Ikasema na mvua zimegoma kwingi, na mahindi yanavushwa mipaka kwenda kwa wenye kununua kwa bei kubwa.

"Hao wanapigana kwao," Bi Swaumu alisema, "sasa unga wetu wamekosana nao nini?"

Ndoo zikawa ndogo. Aliyekuwa anakuja na debe akaja na sado, aliyekuwa na sado akaja na mahindi yaliyofungwa kwenye ncha ya kanga. Tena hawakuja mchana. Walikuja asubuhi sana, kabla watu hawajaanza kupita, ili wenzao wasione udogo wa mzigo.

Siku moja katika mwezi huo wa kwanza dizeli ilikuwa imeniishia, nimekaa nangojea pikipiki iilete kutoka mjini. Mama Lubasha akaja na mtama wake. Akakuta mashine imezima kweli. Akacheka, akakaa kwenye gogo kusubiri. Tukawa wawili tu. Nilikuwa nimeshamzoea kiasi, naweza kukaa karibu naye bila kutoka jasho, ila nilikuwa bado simsemeshi mpaka anisemeshe.

"Baba Amna," akaniita. Amna ni binti yangu mkubwa. "Isaka anataka tuhame."

Isaka ni mume wake, mtu mkimya kama mimi, ila ukimya wake ni wa ukali.

Akanieleza. Wiki iliyopita Isaka alipeleka dume mnadani Nachingwea ili anunue mahindi. Miaka ya nyuma dume kama lile lilileta magunia manane. Safari hii wakampa bei ya magunia matatu, kwa sababu kila mfugaji alikuwa amepeleka ng'ombe kutafuta unga. Isaka akamrudisha ng'ombe wake, kamswaga kwa miguu siku mbili. Alipofika nyumbani akasema: mimi siuzi ng'ombe ili nile. Tuna vihenge viwili vya michembe. Vikitufikisha kwenye mahindi mabichi, tunabaki. Vikiisha kabla, tunakwenda kwa ndugu yangu Tunduru, huko mahindi yapo.

"Wewe unataka nini?" Nilishangaa kujisikia nikiuliza.

Akatazama mikono yake. "Baba Amna, mimi nimehama mara nne. Nimepanda viazi mahali panne, nikavila mahali pawili. Hivyo vingine walivila watu nisiowajua, au nguruwe. Eliza wangu amesoma darasa la tatu mara tatu, kila shule wanasema hawaoni barua yake. Sasa yuko la saba, mwezi wa tisa anafanya mtihani. Nikiondoka hapa ataanza wapi?" Akainua uso, akasema, "Lakini vihenge vinatosha. Nimepima. Bakuli tatu kwa siku, tunafika mahindi mabichi na siku kumi zinabaki. Usimwambie mtu. Nakuambia wewe kwa sababu wewe huongei."

Pikipiki ikafika. Nikamsagia mtama wake.

Wiki mbili baadaye, asubuhi na mapema, akaja mke wa Hamidi fundi baiskeli. Kifurushi chake kilikuwa na mahindi kidogo na michembe, amechanganya ili unga uongezeke. "Baba Amna," akanong'ona, "hii nimepewa na yule mama wa ng'ambo. Kanipa mimi tu. Usiseme." Nikaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaja mwingine, naye kapewa yeye tu. Keshokutwa wawili. Kila mmoja aliniomba siri, na kila mmoja alikuwa anasema kweli aliyoijua. Mama Lubasha hakutaka mtu aone aibu mbele ya mwenzake. Alikuwa anakutana nao mtoni au anapita nyuma ya nyumba zao, na bakuli lake la bluu amelifunika majani ya matembele juu, ili anayeona aseme ni mboga. Lakini wote walisaga kwangu. Nami nikitia mkono kwenye kifurushi nakuta ule mteremko wa kushoto.

Siku moja nilirudi nyumbani mchana nikafunua sufuria. Michembe na kunde. Nikamtazama mke wangu, Rabia. Naye akanitazama.

"Kanipa mimi tu," akasema. "Usimwambie mtu."

Nilikula. Nilikuwa na njaa, na watoto walikuwa wanakula. Lakini kila kipande nilichotafuna nilikijua ni cha siku gani. Nilipiga hesabu kichwani: nyumba kumi na moja nilizoziona mimi, bakuli moja moja kwa wiki, na nyingine mbili mbili. Zile siku kumi za ziada zilikuwa zimeshaliwa. Sasa tulikuwa tunakula siku zake yeye.

Nikajikaza nikamwambia, alipokuja. Nilingoja mashine iwe inaunguruma ili nisiisikie sauti yangu. "Mama Lubasha. Vihenge..."

"Vihenge vyangu wewe unavijua?" akasema kwa nguvu, karibu na sikio langu.

"Watu wengi."

"Mtu akisimama mbele yangu na mtoto mgongoni, nimwambie subiri nikamuulize Isaka? Nilipokuja hapa nilikuwa mganga anayeanika magome. Leo nikipita mtoni wananiita dada. Saga, baba."

Mwisho wa mwezi wa pili mahindi shambani ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Kihenge kimoja cha Mama Lubasha kilikuwa kitupu, na cha pili nilijua kiko chini ya nusu, kwa sababu yeye mwenyewe alianza kuja na mtama mtupu, hauna michembe. Alikuwa anawanyima watoto wake ili aendelee kutupa sisi. Sweta lile la kiume lilikuwa limemlegea mabegani.

Ilikuwa siku ya Jumatano. Siku hiyo walikuja wengi kwa pamoja kwa sababu mvua ya asubuhi iliwachelewesha wote. Wanawake wanane kwenye gogo na pembeni yake, kila mmoja kakumbatia kifurushi chake kama kitoto. Bi Swaumu alikuwa wa kwanza. Nikafungua kanga yake: mahindi konzi mbili, na michembe. Wa pili: michembe. Nikanyoosha mkono kwa wa tatu, naye anasita kuutoa.

Nikazima injini.

Hawajawahi kuniona nikizima injini katikati ya foleni. Walidhani dizeli imeisha. Nilikuwa natazama mkanda wa mashine, siwatazami wao, na nilianza kusema kabla sijajua nitasema nini. Nilisema michembe hii yote imetoka kihenge kimoja. Nilisema kila mmoja wenu ameniambia kapewa peke yake, na mke wangu vilevile, na mimi nimekula. Nilisema yule mama ana ahadi na mume wake: chakula kikiisha kabla ya mahindi mabichi wanahamia Tunduru, na Eliza anaacha darasa la saba. Imebaki nusu kihenge, na mahindi bado wiki tatu. Nikasema, "Tunamla yeye." Halafu maneno yakaniishia na jasho likanitoka mpaka kwenye kope.

Kuku wa jirani walikuwa wanadonoa pumba.

"Harithi," Bi Swaumu akasema mwishowe, "kumbe una sauti nzuri."

Hakuna aliyecheka sana. Mke wa Hamidi alianza kulia, akasema, "Mimi kanipa mara nne." Mwingine akasema, "Mimi niliona matembele nikajua ni mboga tu anapeleka kwa mtu." Bi Swaumu akasimama, akaikunja kanga yake na michembe yake ndani bila kusaga, akasema, "Haya. Tuna mihogo ya kuliwa, tuna makopa kidogo kidogo yaliyobaki darini, tuna mapori. Nani hajui kuchimba ming'oko hapa?" Wakaondoka wote. Siku ile sikusaga tena.

Yaliyofuata sikuyaona, nimesimuliwa na Rabia. Kesho yake wanawake wa kijiji kizima walivuka mto wakiwa na mabeseni vichwani. Kulikuwa na makopa, yaani muhogo mkavu, kulikuwa na majani ya kunde, mapapai mabichi, maboga, kisado cha mtama, na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochimba wakati wa njaa na kuchemsha. Walikwenda kwa mstari kama tunavyokwenda kwenye msiba. Isaka alikuwa malishoni upande wa pili, akauona mstari ule unaingia kwake. Akaacha ng'ombe akakimbia, fimbo mkononi, akafika anahema.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu, shemeji," Bi Swaumu akamjibu, anamenya ming'oko uani kwake kama yuko kwake. "Tumesikia chakula kimeisha ndiyo mnahama. Tumekuja kutazama kama kimeisha."

Isaka akatazama ua wake umejaa. Akachukua mng'oko mmoja, akaugeuza. "Hii ni mizizi."

"Na kiazi ni nini? Ni tunda?"

"Mnakula mizizi ya porini?"

"Tena kwa chumvi na pilipili. Kaa ule, halafu utuambie chakula kimeisha au hakijaisha. Wewe si ndiye uliyesema? Sisi tunafuata neno lako."

Rabia anasema alikaa. Alikula ming'oko saba, watoto wake wakimtazama. Alipomaliza akafuta mikono kwenye magoti akasema, "Hakijaisha," akarudi kwa ng'ombe wake.

Hawakuhama. Walifika mahindi mabichi kwa makopa na ming'oko na nusu kihenge, na Eliza alifanya mtihani wake, sasa anasoma sekondari, anakaa bweni. Isaka ameanza kufyatua matofali, na mtu anayefyatua matofali hafikirii Tunduru. Bei ya unga ilishuka kidogo baada ya mavuno, ikapanda tena, ikashuka, sasa hakuna anayeizoea. Lakini mwezi wa saba uliofuata ukipita kijijini ulikuta michembe imeanikwa kwenye mabati, kwenye mikeka, hadi juu ya kaburi moja la zamani, jambo ambalo lilileta maneno msikitini. Wanawake walifundishwa na Mama Lubasha mwenyewe, chini ya mwamba wake, nyumba kwa nyumba. Rabia anakata vinene, havikauki vizuri, na anaambiwa hivyo mbele za watu. Vihenge vimerudi. Ufuta tunalima bado, nani aache ufuta, ila kila nyumba ina matuta yake ya viazi.

Kuna siku moja nimeiruka. Ni siku iliyofuata baada ya wanawake kuvuka mto.

Alikuja mapema, kabla ya wote. Beseni lilikuwa kichwani, limejaa makopa waliyompelekea. Hakusema mwangaluka. Aliliweka chini mbele yangu, akasimama wima, na macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha mafuta, nakikunja na kukikunjua.

"Nilikuambia wewe kwa sababu huongei," akasema.

Nikaendelea kukikunja kile kitambaa.

"Mimi hapa nilikuwa mtu wa kutoa, Baba Amna. Mahali pote nilipokaa nilikuwa mgeni, hapa tu ndipo nilikuwa mtu wa kutoa. Jana wamekuja na mabeseni kama kwenye matanga. Wamefungua kihenge changu wakachungulia ndani. Watoto wangu wanaona. Isaka anaona." Akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Najua tumebaki. Najua ni kwa mdomo wako. Usidhani sijui."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa natafuna siku zake na zinanikwama. Nilitaka kumwambia mengi. Nikainama nikachukua beseni, nikamuuliza kile ninachoweza kumuuliza mtu yeyote: unga laini au wa chenga?

Tangu siku hiyo anakuja kila wiki. Anakaa kwenye gogo, anataniana na Bi Swaumu mpaka watu wanashika mbavu, anamtumia Rabia salamu kupitia kwa wenzake, anashusha ndoo yake mbele yangu na kuitikia kwa kichwa nikimwonyesha vidole. Mwaka jana mwezi wa tisa niliugua, akaleta bakuli la bluu nyumbani, akalikabidhi mlangoni, nikamsikia akicheka na wanangu uani. Wakati mwingine nikimrudishia ndoo anasimama zaidi kidogo kuliko inavyohitajika, na mimi nasimama, na mashine inaunguruma. Naona kama siku inakaribia. Lakini mpaka leo ninapoandika, maneno yake ya mwisho kwangu ni yale ya asubuhi ile.

"Laini," alisema. "Na usinisemeshe mpaka nikusemeshe mimi."